Uwele Haupendi Sare

Katika eneo la Sine, magharibi mwa Senegal, wakulima wa Kiserere walikuwa na uwele wa namna mbili. Souna ulikomaa ndani ya siku tisini hivi, ukawaokoa watu katika ile miezi ambayo maghala yamebaki na vumbi. Sanio ulijivuta. Ulihitaji miezi minne au zaidi, na ulivunwa wakati souna umeshapukuchuliwa na kuliwa. Ukame ulioipiga Sahel tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 ukauvuruga mpango huo. Mvua zikawa zinakatika mapema, sanio unakaukia shambani kabla ya kujaza punje, na mwaka baada ya mwaka watu wakaacha kuupanda. Kwa muda wa kizazi kizima, katika vijiji vingi vya Sine, sanio ukawa jambo la kusimuliwa na wazee.

Halafu ukarudi. Mvua zilipoanza kupata nafuu, wakulima waliutafuta upya, na mbegu ikapatikana kwa sababu kusini na mashariki mwa Senegal, ambako mvua ni nyingi zaidi, sanio haukuwahi kuachwa. Watafiti wa Senegal na Ufaransa walioandika juu ya kurudi huko mwaka 2015 waliona kwamba ulikuwa uamuzi uliopimwa. Watu walikuwa wameitazama mvua, wakaukumbuka uwele wao wa zamani, wakapiga hesabu.

Sanio una usumbufu wake. Mtu mmoja akiupanda peke yake huku wenzake wote wamepanda souna, shamba lake ndilo litakalobaki limesimama wengine wakishavuna. Ndege wa eneo zima watahamia hapo, na ng'ombe waliofunguliwa kula mabua hawajui mpaka. Kwa hiyo ili sanio urudi ilibidi majirani wapatane. Ukingoni mwa Sahara, kuchagua mbegu si shughuli ya mtu mmoja na muuza duka la pembejeo.

Kisa cha Sine kinafaa kusomwa na kila anayeandika sera ya mbegu, kwa sababu kinagusa jambo ambalo sera nyingi hazilioni. Uwele ni nafaka ambayo nguvu yake iko katika kutofanana. Sheria na ruzuku za mbegu, katika nchi nyingi za Afrika na Asia, zimetungwa zikiwa na picha ya nafaka nyingine akilini: ile inayosimama kwa kimo kimoja, inayochanua siku moja na kuvunwa kwa mashine. Picha hiyo ikipelekwa kwenye mchanga wenye mvua ya milimita 300 kwa mwaka, matokeo yake huwa ya kusikitisha, na lawama huishia kwa mkulima.

Msomaji wa Dodoma, Singida, Kitui au Tharaka hahitaji kuelezwa uwele ni nini. Wagogo wamekula ugali wake tangu zamani, na mahali ambapo mahindi huungua kila msimu wa tatu, uwele ndio hubaki na kitu cha kuvuna. Lakini nyumbani kwa uwele hasa ni mbali. Katika bonde la Tilemsi, kaskazini mwa Mali, wanaakiolojia wameokota vigae vya vyungu vya karibu miaka 4,500 iliyopita vyenye alama za makapi ya uwele. Wafinyanzi wa wakati ule walichanganya makapi na udongo ili chungu kisipasuke motoni, na bila kujua wakatuachia ushahidi kwamba uwele ulikuwa umeshaanza kulimwa, si kuokotwa porini tu. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2018 uliurudisha mwanzo huo nyuma hadi karibu miaka 4,900, upande wa magharibi wa Sahara, wakati ambapo eneo lile lilikuwa linakauka na kuwa jangwa tunalolijua. Kabla ya milenia mbili kwisha uwele ulikuwa umeshafika India. Zao hili na jangwa vimekua pamoja.

Tofauti zake zinaonekana kwa macho. Kuna uwele unaofika kiunoni na kuna unaopita mita tatu. Masuke mengine yana urefu wa kiganja, na Niger kuna masuke yanayozidi mita moja, yanayoinama kwa uzito na kubebwa begani kama fimbo. Punje huwa za kijivu, njano, nyeupe, kahawia, hata zenye weusi wa zambarau. Masuke mengine yana ndevu ngumu ambazo ndege akitua zinamchoma. Haziwezi kuwafukuza kwelea kwelea wenye njaa, lakini humfanya ndege achague shamba la jirani kwanza, na mtoto aliyeshinda akiamia ndege anajua thamani ya nafuu hiyo.

Siri ya utofauti huo iko kwenye ua. Suke la uwele hutoa sehemu ya kike kwanza: nywele nyeupe laini zinazolifunika suke lote, zikisubiri chavua ambayo suke lenyewe bado halijaitoa. Siku chache baadaye ndipo vifuko vya chavua hujitokeza, vya njano au zambarau, na kwa kawaida huwa vimechelewa. Upepo umeshaleta chavua ya mmea mwingine, pengine wa shamba la ng'ambo ya njia. Punje mbili zilizokaa bega kwa bega kwenye suke moja huenda zina baba tofauti. Mkulima wa mpunga akitunza mbegu yake, mwakani anapata mpunga uleule kwa kiasi kikubwa. Mkulima wa uwele anapata ndugu wa mama mmoja.

Sahel kuna jambo la ziada. Uwele wa porini, babu wa huu wa shambani, bado unaota kandokando ya mashamba na chavua yake inasafiri pia. Matokeo ya kuchanganyika huko ni mimea ambayo Niger huitwa shibra. Inafanana na uwele wa kawaida hadi inapotoa masuke, kisha inakomaa mapema na kudondosha punje zake chini. Kwa afisa ugani ni gugu, na kweli inapunguza mavuno. Kwa anayesoma vinasaba, shibra ni mlango ulioachwa wazi kwa miaka elfu kadhaa, na kupitia mlango huo tabia za porini zinaendelea kuingia shambani.

Namna ya kupanda nayo inafaa kutazamwa kwa karibu. Katika mchanga wa Niger, mvua ya kwanza ya maana ikinyesha, watu huingia shambani bila kulima kwanza. Mmoja anatangulia na jembe la mpini mrefu akifungua mashimo kwa nafasi ya mita moja hivi, mwingine anafuata na kibuyu cha mbegu. Hahesabu. Anachota kwa vidole vitatu, anadondosha mbegu makumi kadhaa katika shimo moja, anafukia kwa mguu na kuendelea. Mtaalamu aliyezoea mahindi, mbegu mbili kila shimo, anaona ufujaji. Lakini miche ya uwele ni midogo, na katika mchanga unaoganda juu baada ya mvua, miche mingi ikisukuma pamoja ndiyo inayopasua ganda. Kisha huja dhoruba za mchanga zinazotangulia mvua nyingine, zinafukia miche au kuichuna kwa joto na punje za mchanga. Kuna miaka ambayo shamba hupandwa upya mara mbili au tatu. Katika kila shimo, mbegu makumi zenye baba tofauti zimeingia kwenye mtihani ambao haukutungwa na mtu yeyote.

Mmea mmoja tu nao hubeba akiba yake. Uwele wa magharibi mwa Rajasthan, India, kwenye jangwa la Thar, hutoa machipukizi mengi yenye mashina membamba na masuke madogo, na masuke hayo hayachanui siku moja. Ukame wa wiki mbili ukilikuta shina kuu linachanua, suke lile limekwisha, lakini chipukizi lililochelewa litachanua mvua ikirudi. Kwa anayepima mavuno katika shamba la majaribio lenye maji, mmea huo ni mnyonge ukilinganishwa na ule wenye shina moja nene na suke kubwa. Barmer, ambako mvua ya mwaka mara nyingi haifiki milimita 300, na Jaisalmer, ambako ni pungufu zaidi, suke moja kubwa ni kamari.

Mashina membamba yana faida nyingine isiyoandikwa kwenye mifuko ya mbegu. Watu wa Thar wanaishi kwa mifugo kama wanavyoishi kwa nafaka. Mwaka ambao punje hazikujaa, mabua ndiyo mavuno, na ng'ombe, mbuzi na ngamia hula bua jembamba na kuacha lile nene. Mbegu inayoongeza punje huku ikiharibu malisho haimwongezei mkulima huyo kitu kwa jumla. Hili linasemwa na wakulima wa huko kila wanapoulizwa, na bado majedwali mengi ya kulinganisha mbegu yana safu moja tu: kilo za punje kwa hekta.

Kisha kuna suala la saa ya mmea. Sahel, siku ya kuanza kwa mvua haitabiriki. Inaweza kutofautiana kwa wiki nyingi kati ya mwaka na mwaka. Mwisho wa mvua una nidhamu kidogo zaidi. Aina zinazochelewa, kama sanio wa Senegal au maiwa wa Nigeria na Niger, hazihesabu siku tangu kupandwa. Zinasoma urefu wa mchana. Upandwe Juni au Julai, mchana ukishafupika kiasi fulani mmea unaanza kuchanua, ili punje zijae mvua inapoondoka, wala si kabla, wakati unyevu unaleta ukungu, wala si baada, wakati udongo umekauka. Aina za mapema, kama souna au gero, hazijali sana urefu wa mchana na zinakimbilia kukomaa. Kijiji chenye zote mbili kimegawa hatari yake bila kwenda kwa wakala wa bima.

Hadi hapo msomaji anaweza kudhani makala hii inaelekea pale zinapoelekea makala nyingi za mbegu za asili: wazee walijua kila kitu, maabara zimeharibu, turudi tulikotoka. Ushahidi hauendi hivyo.

Mwaka 1976 watafiti walizunguka vijiji vya Niger wakikusanya uwele na mtama, kijiji kwa kijiji, wakiandika majina ambayo wakulima wenyewe waliyatumia. Mwaka 2003, baada ya ukame mkali wa miaka ya 1970 na 1980, watu wengine walirudi katika vijiji vilevile na kukusanya tena. Wengi walitarajia kukuta pengo. Kwa ujumla hawakulikuta: aina zilikuwa bado zipo, na utofauti wa vinasaba ulikuwa haujaporomoka. Lakini sampuli za mwaka 1976 na za 2003 zilipopandwa pamoja katika shamba moja, zile za karibuni zilichanua mapema kidogo na mimea yake ilikuwa mifupi kidogo. Watafiti wakatafuta sababu ndani ya vinasaba na kuona kwamba umbo mojawapo la kinasaba kinachohusika na mmea kuhisi mwanga, lile linaloharakisha kuchanua, lilikuwa limezidi kuenea katika kipindi kile. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011.

Hapo pana mambo mawili. La kwanza ni kwamba kilichookoa uwele wa Niger si kuugandisha ulivyokuwa. Jina lilibaki lilelile, kijiji kilekile, pengine hata ukoo uleule, na mbegu ikabadilika mikononi mwa watu ambao hawakukusudia kuibadilisha. Mimea iliyochelewa ilikufa bila kuacha mtoto, iliyowahi ikapeleka chavua. La pili ni kwamba mabadiliko hayo yasingewezekana kama shamba lingekuwa limejaa mimea pacha. Ukame hauna cha kuchagua pale ambapo kila mmea ni sawa na mwenzake. Unaacha wote au unaondoka na wote.

India ililipa gharama kubwa kujifunza hilo. Katika miaka ya 1950 Glenn Burton, mtaalamu aliyefanya kazi Tifton katika jimbo la Georgia, Marekani, alipata mstari wa uwele, yaani ukoo mmoja wa mbegu, ambao haukuweza kutoa chavua yake wenyewe. Uliitwa Tift 23A, na ulifungua njia ya kutengeneza mbegu chotara kwa wingi. India ikautumia, na mwaka 1965 ikatoa chotara yake ya kwanza, HB-1. Ndugu zake wakafuata. Mavuno yalipanda kweli, tena kwa kiwango ambacho hakuna mtetezi wa mbegu za asili anayepaswa kukificha. Tatizo ni kwamba chotara zile zote zilikuwa na mama mmoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ugonjwa wa ubwiri vinyoya ukalipuka.

Ubwiri ni ugonjwa wa kutisha kuutazama. Majani hupauka na kuwa na unga mweupe upande wa chini, na kama mmea haukufa mapema, suke linapotoka halitoi punje. Kila mahali ambapo pangekuwa na ua panaota kijani kidogo kilichojikunja, hadi suke zima linakuwa kitita cha majani. Uwele wa kienyeji nao hushikwa, lakini kwa sehemu: mimea hii inaugua, ile inapona. Katika mashamba ya chotara ugonjwa ulipata mlango mmoja wa kuvunja na nyumba zote zikafunguka. Mbegu iliyosifiwa miaka mitano kabla ikaanza kuondolewa, na tangu wakati huo historia ya uwele chotara nchini India imekuwa ya kukimbizana: mbegu mpya, ugonjwa mpya, mbegu nyingine.

Hata hivyo jangwa lenyewe halikukataa chotara zote. HHB 67, iliyotoka mwaka 1990 katika chuo kikuu cha kilimo cha jimbo la Haryana, inakomaa kwa takriban siku 65. Mahali ambapo mvua inaweza kuchelewa hadi mwisho wa Julai na kuondoka Septemba, wepesi huo ni dhahabu, na wakulima waliipokea kwa furaha bila kushawishiwa. Nayo ubwiri ulipoanza kuizoea, watafiti wa Haryana na wa taasisi ya kimataifa ya ICRISAT, iliyopo karibu na Hyderabad, waliingiza kinga kutoka kwenye uwele mwingine kwa kufuatilia alama za vinasaba. Toleo lililoboreshwa likatoka mwaka 2005. Kazi nzuri, lakini kinga ile haikutengenezwa na mtu. Ilikuwa imekaa ndani ya mbegu nyingine ambayo, kwa bahati, hakuna aliyekuwa ameitupa.

Mfano ulio wazi zaidi unatoka Togo. Kaskazini mwa nchi hiyo, na katika maeneo jirani ya Ghana, Benin na Burkina Faso, wakulima wamelea uwele unaoitwa iniadi: wa mapema, wenye suke nene fupi na punje kubwa za kijivu. Watafiti wa ICRISAT walichagua ndani ya iniadi wa Togo na kupata mbegu iliyoitwa ICTP 8203, ikaenezwa Maharashtra na sehemu nyingine za India katika miaka ya 1980. Baadaye ikagundulika kwamba punje zake zina madini mengi ya chuma, na kutoka humo ikatengenezwa Dhanashakti, uwele wa kwanza kuenezwa India kwa lengo la kupambana na upungufu wa damu. Mbegu nyingine yenye damu ya iniadi ilipelekwa Namibia, ambako uwele unaitwa mahangu na ndio chakula kikuu cha kaskazini. Huko ikaitwa Okashana 1. Wakulima waliiona mashambani, wakaipenda kwa kuwahi kwake, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa imechukua karibu nusu ya eneo la uwele nchini humo. Nusu iliyobaki ilikuwa mahangu wa zamani unaochelewa. Wengi walipanda vyote viwili, kama Waserere wa Sine.

Wakulima wa kaskazini mwa Togo hawakupata senti kwa safari hiyo. Si kwamba mtu aliwaibia. Zama zile mbegu zilitolewa na kupokewa kama mali ya wote. Lakini ikiwa mbegu ya kijiji kimoja imelisha mabara mawili, hoja kwamba mbegu za vijiji ni vitu vya makumbusho inakuwa ngumu kuitetea.

Jikoni nako kuna uamuzi ambao haufiki kwenye ripoti. Punje ya uwele ina mafuta mengi kuliko ya mchele au ngano, na unga wake ukikaa siku chache hutoa harufu na uchungu. Ndiyo maana kwa karne nyingi ulitwangwa au kusagwa kidogokidogo, wa kula leo na kesho, na ndiyo maana hadi sasa ni vigumu kuukuta unga wa uwele mzuri dukani. Wanawake wa Niger wanaotengeneza hura, madonge ya uwele yanayovurugwa kwenye maziwa, wanajua ni uwele gani unakobolewa kirahisi kwenye kinu na upi unavunjika na kupotea na pumba. Wanawake wa Marwar, huko Rajasthan, wanaopiga mkate wa bajra, yaani uwele, kwa viganja bila kifimbo, wanajua ni unga upi unashikana na upi unapasuka pembeni. Mbegu mpya inayoshindwa kwenye kinu au kwenye kikaango hupotea kimyakimya, na taarifa ya mradi huandika kwamba wakulima ni wagumu kubadilika. Mwaka 2023, ambao Umoja wa Mataifa uliutangaza kuwa mwaka wa uwele na nafaka nyingine ndogo kwa pendekezo la India, kulikuwa na maonyesho mengi ya keki na biskuti za uwele. Yalikuwa matamu. Yangekuwa na faida zaidi kama mashine ya kukoboa ingefika mahali ambapo kinu bado kinapigwa saa kumi alfajiri.

Sasa sheria. Ili mbegu isajiliwe na kuuzwa kihalali, nchi nyingi zinataka iwe tofauti na nyingine, ifanane yenyewe kwa yenyewe, na isibadilike kutoka kizazi hadi kizazi. Kwa mahindi chotara au ngano masharti hayo yana mantiki, na yanamlinda mnunuzi dhidi ya matapeli wanaojaza nafaka ya sokoni kwenye mfuko wenye nembo. Kwa uwele wa kijiji, sharti la pili na la tatu ni kama kuutaka uache kuwa uwele. Haufanani, na umepona kwa sababu unabadilika.

India ilipata njia ya katikati. Sheria yake ya mwaka 2001 ya kulinda aina za mimea na haki za wakulima inamruhusu mkulima kutunza, kupanda, kubadilishana, kugawa na hata kuuza mbegu ya shamba lake, ilimradi asiiweke nembo ya kibiashara ya mbegu iliyolindwa. Inatambua pia kwamba wakulima wanaweza kusajili aina zao wenyewe. Utekelezaji wake una mapengo, lakini angalau mtu wa Barmer anayempa jirani debe la mbegu hajavunja sheria.

Kenya ilikwenda upande mwingine. Sheria yake ya mbegu, kama ilivyorekebishwa mwaka 2012, iliweka faini ya hadi shilingi milioni moja au kifungo cha hadi miaka miwili kwa kuuza au kubadilishana mbegu zisizosajiliwa wala kuthibitishwa. Mwaka 2022 wakulima wadogo walikwenda mahakamani kuipinga, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ikatamka kwamba vifungu hivyo vinakiuka katiba. Kwa watu wa Tharaka na Mbeere, ambao uwele wao umekuwa ukipita kutoka kwa mama mkwe kwenda kwa mkwe na kutoka soko hadi soko, hukumu hiyo ilihalalisha walichokuwa wakikifanya siku zote.

Tanzania ina kitu ambacho kingeweza kusaidia zaidi kama kingefunguliwa kidogo. Mfumo wa mbegu za kuazimiwa ubora unamruhusu mkulima aliyefunzwa kuzalisha mbegu na kuwauzia majirani katika eneo lake, chini ya uangalizi mwepesi wa TOSCI, taasisi ya kudhibiti ubora wa mbegu. Ni mfumo wa busara na gharama yake ni ndogo. Lakini unahusu aina ambazo zimeshasajiliwa. Kwa uwele, mkulima wa Kongwa anaweza kuzalisha Okoa au Shibe, aina mbili zilizotolewa mwaka 1994 na ambazo zina sifa zake. Uwele ambao bibi yake aliuchagua suke kwa suke na kuutundika juu ya jiko ili moshi uulinde na wadudu hauna daraja katika mfumo huo. Kungewekwa daraja la mbegu mchanganyiko za eneo, zinazopimwa kwa uotaji, usafi na afya badala ya kufanana, hakuna mnunuzi ambaye angedhulumiwa. Angejua anachonunua.

Wapo watakaosema mbegu hizo zimeshahifadhiwa. Ni kweli kwa kiasi. Benki ya mbegu ya ICRISAT ina sampuli za uwele zaidi ya 20,000 kutoka nchi nyingi, Tanzania ikiwemo. Arusha na Muguga kuna vituo vya taifa vya Tanzania na Kenya. Mwaka 2017 vinasaba vya uwele vilichapishwa kwa ukamilifu wake, pamoja na vya mistari karibu elfu moja, na wazalishaji wa mbegu wana ramani ambayo Burton hakuiota. Fedha zinazoendesha friji za benki hizo zinastahili kuongezwa, si kupunguzwa. Ila mbegu iliyoingia kwenye friji mwaka 1976 bado inachanua kwa kalenda ya 1976. Niger ilijua kilichobadilika kwa sababu ilikuwa na vyote viwili, sampuli za zamani na wakulima walioendelea kupanda.

Ulinganisho wa aina hiyo unaweza kufanywa kwa uwele wa Dodoma, Singida na Kitui. Panapokuwa na sampuli za zamani zenye jina la kijiji, watu warudi katika kijiji hicho, waombe masuke kumi kutoka kila kaya inayokubali, waulize mbegu zake zilitoka kwa nani, kisha wapande za zamani na za sasa mstari kwa mstari na kuandika tarehe ya kuchanua ya kila mmea. Si kazi ya mabilioni. Inahitaji msimu mmoja wa mvua, gari moja la kuaminika, shamba lenye uzio, na watu wa kutosha wa kuamia ndege.